Wasifu wa Viktor Frankl, Daktari wa Waliokata Tamaa

Mtahiniwa, katika Karatasi ya Kwanza unaweza kuagizwa uandike wasifu wa mtu mashuhuri. Wengi wenu hukimbilia wanasiasa na wanariadha, na hakuna ubaya. Hata hivyo, msahihishaji aliyekwisha kusoma insha arubaini kumhusu mkimbiaji mmoja hufurahi anapokutana na jina jipya. Hapa nimekuchagulia daktari wa magonjwa ya akili. Nimemchagua kwa sababu nyingine pia: kazi yake ya kwanza kubwa aliwafanyia wanafunzi waliokuwa wakisubiri matokeo ya shule, vijana wenye wasiwasi kama ulio nao wewe sasa hivi. Unaposoma, angalia jinsi nafsi ya tatu inavyotumika tangu mwanzo hadi mwisho wa maisha yake, na jinsi matukio yanavyofuatana kwa miaka.

Viktor Emil Frankl alizaliwa tarehe 26 Machi 1905 mjini Vienna, nchini Austria. Alikuwa mtoto wa pili katika familia ya Kiyahudi yenye watoto watatu. Kakake aliitwa Walter na dadake mdogo aliitwa Stella. Baba yao, Gabriel, alikuwa mtumishi wa serikali. Katika ujana wake alikuwa ameanza kusomea udaktari, lakini mkono mtupu ukamlazimu kuacha masomo. Mama yao, Elsa, alikuwa mzaliwa wa mji wa Prague. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, maisha ya familia hii yalididimia. Kuna nyakati watoto walikwenda mashambani kuwaomba wakulima chochote cha kutia tumboni.

Akiwa bado mvulana wa shule, mwalimu wao wa sayansi aliwaeleza darasani kwamba uhai si chochote ila mwako, mithili ya mshumaa unaoteketea hadi ukazimika. Viktor aliinuka na kumuuliza mwalimu, ikiwa mambo ni hivyo, maisha yana maana gani basi. (Sikushauri umrukie mwalimu wako namna hiyo, lakini swali lenyewe lilikuwa zuri.) Swali hilo halikumtoka maishani. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita hivi, tayari alikuwa ametoa mhadhara mbele ya watu wazima kuhusu maana ya maisha.

Wakati huo Vienna ndiyo iliyokuwa makao ya fani mpya. Daktari Sigmund Freud alikuwa ameonyesha kwamba mgonjwa mwenye maumivu ya nafsi anaweza kupata nafuu kwa kuzungumza mbele ya mtu aliyefunzwa kusikiliza. Tiba hii aliiita uchanganuzi nafsi. Kijana Frankl akaanza kumwandikia barua, na bingwa huyo, licha ya umaarufu wake, akawa anajibu. Freud alipendezwa na makala moja ya kijana huyo akaipeleka katika jarida lake, nayo ikachapishwa mwaka wa 1924, wakati Frankl alikuwa na umri wa miaka 19 tu. Baadaye walikutana barabarani. Frankl alipojitambulisha, mzee Freud alimtajia anwani ya nyumba yao, mtaa, nambari na mlango, kwa jinsi alivyokuwa ameizoea kwenye bahasha.

Hata hivyo Frankl hakukaa sana chini ya mwavuli wa Freud. Alivutiwa na Alfred Adler, daktari mwingine wa Vienna, kisha akatofautiana naye na kufukuzwa katika kundi lake mwaka wa 1927. Kwa ufupi, Freud aliamini kwamba binadamu husukumwa na matamanio yaliyofichika, na Adler akaamini kwamba husukumwa na haja ya kushinda hisia za unyonge. Frankl aliona kwamba kuna kitu kikubwa zaidi kinachomsukuma mtu, nacho ni haja ya kuona kwamba maisha yake yana maana. Shika tofauti hiyo vizuri. Mawazo yake mengine yote yanatokana nayo.

Sasa tufike kwa wanafunzi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 hali ya uchumi mjini Vienna ilikuwa mbaya na ajira zilikuwa adimu. Ripoti za shule zilipotolewa mwishoni mwa mwaka wa masomo, kulikuwa na vijana waliojitoa uhai kwa hofu ya kurudi nyumbani na alama mbovu. Jambo hilo lilimchoma Frankl, ambaye bado alikuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna. Kuanzia mwaka wa 1928 alianzisha vituo vya ushauri nasaha kwa vijana, kwanza Vienna kisha katika miji mingine. Hakuwa na fedha za kujenga ofisi. Aliwaomba wanasaikolojia, madaktari na viongozi wa dini wajitolee, na wengi wao wakawapokea vijana majumbani mwao au kazini mwao. Miongoni mwa waliojitolea alikuwemo Charlotte Bühler, mwanasaikolojia aliyejulikana kote Ulaya.

Vituo hivyo vilikuwa na masharti mawili ambayo naomba uyatilie maanani. Huduma ilikuwa ya bure, na kijana hakulazimika kutaja jina lake. Frankl alielewa kwamba kijana mwenye aibu hatafunua moyo wake akijua habari zitamfikia mzazi au mwalimu mkuu kabla yeye hajafika nyumbani. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini mara nyingi mtu huficha maradhi kwa kuwa hajaona pa kuyatolea salama. Mwaka wa 1930 Frankl aliandaa mpango maalum wa msimu wa ripoti za shule, ili mshauri awepo siku zile zile hofu inapokuwa kali. Mwaka uliofuata, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, haikuripotiwa Vienna habari ya mwanafunzi aliyejitoa uhai. Yeye alikuwa na umri wa miaka 26.

Huenda unajiuliza ni nini hasa kilichokuwa kikitendeka katika vyumba hivyo. Tiba ya mazungumzo haina sindano wala uganga. Mtu anaketi, anaeleza, na anayemsikiliza hamkatizi wala hamhukumu. Wengi huja wakiwa na donge moja kubwa rohoni, na donge hilo wakiwa wamelipa jina moja tu: nimefeli. Kwa kuzungumza, donge huanza kuachana. Kuna hofu ya baba. Kuna aibu mbele ya wenzake. Kuna karo iliyouziwa ng'ombe. Kila kimoja kikitajwa kando, kinaweza kutazamwa na kutafutiwa njia. Frankl aligundua jambo jingine kwa vijana wasiokuwa na kazi. Walichukulia kwamba kukosa kazi ni kukosa thamani, na kukosa thamani ni kukosa sababu ya kuishi. Aliwashawishi wengine wajitolee katika maktaba na vyama vya vijana. Hawakulipwa hata senti, na njaa zao zilikuwa zile zile, ila majonzi yao yalipungua, kwa sababu sasa kulikuwa na watu waliowangoja asubuhi.

Alihitimu udaktari mwaka wa 1930. Kuanzia 1933 hadi 1937 alihudumu katika hospitali kubwa ya magonjwa ya akili ya Steinhof mjini Vienna, akisimamia jengo la wanawake waliokuwa katika hatari ya kujidhuru. Kwa hesabu yake mwenyewe, wagonjwa waliopita mikononi mwake walikaribia 3,000 kila mwaka. Alisema baadaye kwamba huko ndiko alikojifunza kusahau ya vitabuni na kuwasikiliza wagonjwa wenyewe.

Machi 1938 majeshi ya Ujerumani ya Adolf Hitler yaliingia Austria. Frankl alipigwa marufuku kuwatibu wagonjwa wasiokuwa Wayahudi. Mwaka wa 1940 alipata kazi ya kuongoza idara ya magonjwa ya neva katika Hospitali ya Rothschild, ambayo wakati huo iliwahudumia Wayahudi. Utawala wa Wanazi ulikuwa ukiwaua watu wenye magonjwa ya akili, ukidai kwamba ni mzigo kwa taifa. Frankl aliandika vyeti vyenye majina ya magonjwa mengine ili wagonjwa wake wasichukuliwe. Alihatarisha roho yake kwa kila cheti alichotia sahihi.

Mwaka wa 1941 alipata viza ya kwenda Marekani. Hapo alijipata njia panda. Nafasi yake hospitalini ilikuwa imewakinga wazazi wake wasipelekwe kambini, na kinga hiyo ingeondoka siku ambayo yeye angeondoka. Kwa upande mwingine, Marekani angekuwa salama na angeandika vitabu vyake. Siku moja alirudi nyumbani akakuta kipande cha marumaru mezani. Babake alikuwa amekiokota katika kifusi cha sinagogi lililochomwa na Wanazi. Juu yake palikuwa na herufi moja ya Kiebrania, na babake akamweleza kwamba herufi hiyo inatoka katika amri ya kuwaheshimu baba na mama. Frankl aliiacha viza ipitwe na wakati. Nimewauliza wanafunzi wangu mara nyingi kama alifanya vyema, na kila mara darasa limegawanyika. Mimi mwenyewe sijui ningefanya nini.

Desemba mwaka huo huo alimwoa Tilly Grosser, muuguzi wa hospitali hiyo hiyo. Ndoa yao haikupewa nafasi ya kupumua. Tilly aliposhika mimba walilazimika kuitoa, kwa kuwa mwanamke Myahudi mjamzito alikuwa akipelekwa kambini bila kusubiri. Na bado, Septemba 1942, Viktor, Tilly na wazazi wote wawili walikamatwa na kupelekwa Theresienstadt, karibu na Prague.

Theresienstadt ilikuwa mji wa kifungo, na watu walikufa humo kwa njaa na magonjwa. Frankl aliendelea na kazi yake. Pamoja na wenzake, akiwemo Regina Jonas, mwanamke wa kwanza kutawazwa kuwa rabi, aliunda kikosi cha kuwapokea wageni. Treni ilipowasili, Jonas na wengine waliwaendea wale waliopigwa na bumbuazi na kuketi nao, kwa kuwa saa chache za kwanza ndizo zilizokuwa hatari mno kwa mtu aliyepoteza kila kitu kwa siku moja. Ni kazi ile ile ya vituo vya Vienna, ila sasa mshauri naye alikuwa mfungwa. Humo humo babake Frankl alifariki Februari 1943, amedhoofika kwa njaa na nimonia. Frankl alikuwa amefanikiwa kuficha dawa kidogo ya mofini, akamchoma babake ili asiage dunia katika maumivu.

Oktoba 1944 alisafirishwa hadi Auschwitz, nchini Poland. Tilly hakuwa katika orodha, lakini alijitolea kumfuata mumewe. Hapa naomba uwe makini, maana vitabu vingi vya mapitio hukosea. Frankl hakuishi Auschwitz kwa miaka. Alikaa siku chache tu, kisha akapelekwa katika kambi ndogo za kazi kusini mwa Ujerumani, zilizokuwa chini ya kambi kuu ya Dachau: kwanza Kaufering, halafu Türkheim. Nambari yake ya ufungwa ilikuwa 119104. Miezi yake mingi ya mateso ya kazi ngumu, ya kuchimba ardhi iliyoganda kwa baridi na kutandika reli, ilikuwa huko.

Alipofika Auschwitz alikuwa ameshonea ndani ya koti lake mswada wa kitabu chake cha kwanza, kazi ya miaka mingi. Alinyang'anywa koti na mswada ukapotea. Akapewa matambara ya mtu aliyekwisha kuuawa, na mfukoni mwake akakuta ukurasa mmoja wa sala ya Kiyahudi.

Kambini Frankl alitazama kwa jicho la daktari. Aliona kwamba nguvu za mwili hazikutosha kueleza nani angeishi na nani angekufa. Bahati ilikuwa na sehemu kubwa, na hakuwahi kuficha hilo. Mtu angeweza kuwa na matumaini mazima na bado akauawa asubuhi. Lakini miongoni mwa waliookoka risasi na gesi ya sumu, aliona wengine wakizimika kutoka ndani. Mwenzake mmoja aliota ndoto kwamba vita vingekwisha kwao tarehe 30 Machi 1945. Tarehe hiyo ilipokaribia na habari za vita hazikuonyesha dalili, mtu yule aliugua ghafla, na tarehe 31 akafa. Cheti kingesema ni homa ya taifasi. Frankl aliamini kwamba mwili uliacha kupigana na homa pale tumaini lilipokatika. Hali kama hiyo iliwakumba wengi kati ya Krismasi ya 1944 na Mwaka Mpya wa 1945. Walikuwa wamejiaminisha kwamba wangekuwa nyumbani kwa sikukuu.

Tofautisha mambo haya mawili, kwa sababu yanatahiniwa na kwa sababu yanachanganya. Tumaini lililofungwa kwenye tarehe liliwaua watu. Kilichowasaidia kilikuwa kazi au mtu aliyekuwa akiwangoja, hata kama hawakujua ni lini. Wafungwa wawili walimwambia Frankl kwamba hawatarajii tena lolote kutoka kwa maisha. Hakuwapa moyo kwa maneno matamu. Aliwauliza ni nani au ni nini kinachowatarajia wao. Mmoja alikuwa na mtoto wake katika nchi ya kigeni. Mwingine alikuwa mwanasayansi aliyeacha mfululizo wa vitabu bila kuumaliza, na hakuna mtu mwingine ambaye angeumaliza kwa niaba yake. Hali yao haikubadilika hata kidogo, ila wote wawili waliiacha nia ya kujitoa uhai.

Yeye naye alijitibu kwa namna hiyo. Siku moja, akichechemea na vidonda miguuni kuelekea kazini, alijiwazia amesimama katika ukumbi wenye joto, akiwahutubia wasikilizaji kuhusu saikolojia ya mfungwa. Maumivu yake yakawa mada ya mhadhara. Alipougua taifasi, alikesha akiandika upya mswada uliopotea, kwa ufupisho, kwenye vipande vya karatasi vilivyoibwa ofisini, ili asisinzie na kufa usingizini.

Wanajeshi wa Marekani waliikomboa Türkheim tarehe 27 Aprili 1945. Frankl alirudi Vienna mwezi wa Agosti. Katika siku hizo alithibitishiwa aliyokuwa akiyahofia. Mamake alikuwa ameuawa katika chumba cha gesi huko Auschwitz, siku chache baada ya yeye mwenyewe kupitia hapo. Kakake Walter alikuwa amekufa. Tilly alikuwa amefia kambi ya Bergen-Belsen, akiwa na umri wa miaka 24. Stella peke yake ndiye aliyekuwa hai, kwa kuwa alikuwa amehamia Australia.

Mganga hajigangi. Mtu aliyewarudisha maelfu kutoka ukingoni sasa alikuwa ukingoni yeye mwenyewe, na marafiki zake waliogopa kwamba angejimaliza. Alimwendea rafiki yake Paul Polak, akamweleza yote na kulia mbele yake. Rafiki mwingine, Bruno Pittermann, ambaye miaka iliyofuata alikuja kuwa Makamu wa Chansela wa Austria, hakumpa hotuba. Alimtafutia pa kuishi na mashine ya kupiga chapa, akamtilisha sahihi ombi la kazi. Wengine wakamhimiza akimalize kitabu. Ninapofundisha wasifu huu, hapa ndipo ninapokaa kwa muda. Frankl alikuwa na elimu yote ya tiba ya nafsi iliyokuwepo Ulaya, na elimu hiyo haikumwondolea haja ya kuwa na mtu wa kumlilia.

Akaandika. Kitabu chake kuhusu kambi alikisema kwa sauti huku wengine wakiandika, kikamalizika kwa siku tisa, mara nyingine akikatishwa na machozi. Alitaka kichapishwe kwa nambari yake ya mfungwa bila jina, asije akadhaniwa anatafuta sifa. Marafiki walimshawishi aliweke jina. Kilitoka kwa Kijerumani mwaka wa 1946, na kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka wa 1959 kikaenea duniani. Kufikia kifo chake kilikuwa kimeuza zaidi ya nakala milioni 10. Ule mswada wa koti nao ulichapishwa.

Mwaka wa 1946 aliteuliwa kuongoza idara ya magonjwa ya neva katika hospitali ya Poliklinik ya Vienna, na aliiongoza kwa takriban miaka 25. Tiba yake aliiita logotherapia, kutokana na neno la Kigiriki, logos, ambalo hapa lina maana ya maana. Alifundisha kwamba mtu anaweza kuipata maana katika kazi anayoifanya, katika upendo wake kwa mtu au kwa kitu kizuri, na katika msimamo anaouchukua mbele ya mateso yasiyoepukika. Neno la mwisho hilo usilirukie. Frankl hakusifu mateso. Mtu anayeweza kuondoa chanzo cha maumivu yake na kuacha kukiondoa, kwake hakuwa shujaa. Na palipokuwa na ugonjwa wa mwili alitumia dawa kama daktari mwingine yeyote.

Alikuwa na mbinu moja inayochekesha, na inawafaa watahiniwa. Aliona kwamba hofu ya jambo huleta jambo lenyewe. Anayeogopa kukosa usingizi hukesha. Basi alimwagiza mgonjwa alitake kwa makusudi lile analoliogopa. Karani mmoja alikuwa karibu kupoteza kazi kwa kuwa mkono wake ulikakamaa kila alipoandika, na mwandiko wake ukawa hausomeki. Daktari mmoja katika idara ya Frankl alimwambia aache kujitahidi kuandika vizuri, aandike kwa hati mbovu kuliko zote duniani. Alipojaribu kuchorachora, hakuweza, mkono ukalegea na kuandika sawasawa. Mwingine alikuwa mtu mwenye kigugumizi cha tangu utotoni, asiyekumbuka siku hata moja ya kusema bila kukwama, isipokuwa siku moja. Alikuwa mvulana, amepanda tramu bila tiketi. Kondakta alipomkamata, akaamua kugugumia kwa nguvu zake zote ili aonewe huruma. Siku hiyo maneno yakatoka laini kama siagi.

Mara nyingine alitumia swali tu. Daktari mzee alimjia akiwa hajaweza kupoa tangu afiwe na mkewe miaka miwili iliyotangulia. Frankl alimuuliza ingekuwaje kama yeye ndiye angetangulia. Mzee akasema kwamba mkewe angeteseka vibaya. Frankl akamwonyesha kwamba mateso hayo mkewe amekingwa nayo, na anayelipa gharama ni yeye, kwa kubaki na kuomboleza. Mzee alimpa mkono na kuondoka kimya. Mkewe hakurudi, lakini majonzi yake sasa yalikuwa zawadi kwa mtu aliyempenda.

Lakini usidhani maneno ya busara ndiyo yaliyofanya kazi kila wakati. Frankl mwenyewe alisimulia kwamba mwanamke mmoja alimpigia simu usiku wa manane kumwarifu kwamba ameamua kufa. Alizungumza naye kwa muda mrefu, akampa kila sababu aliyoijua ya kuishi, hadi mwanamke akaahidi kufika hospitalini asubuhi. Alipofika, alimweleza wazi kwamba hakuna hoja hata moja iliyomgusa. Kilichomgusa ni kwamba aliyeamshwa usingizini hakukasirika, alimsikiliza kwa subira, na dunia yenye mtu wa namna hiyo ilimwonekea bado ni pa kuishi. Ukimwona mwenzako bwenini amenyamaza kupita kawaida, huhitaji kuwa na digrii ya saikolojia ili uketi naye, kisha mwende pamoja kwa mwalimu wa ushauri nasaha.

Frankl hakukosa wapinzani. Wapo Wayahudi waliomlaumu kwa kukataa katakata kulihukumu taifa zima la Wajerumani au la Waaustria kwa makosa ya Wanazi. Aliamini kwamba hatia ni ya mtu binafsi. Wanahistoria wengine wamemkosoa kwa kuacha wasomaji wadhani alikaa Auschwitz kwa muda mrefu. Wasifu mzuri hauwafichi wapinzani. Wataje, kisha uendelee.

Mwaka wa 1947 alimwoa Eleonore Schwindt, mhudumu wa idara ya meno katika hospitali yake, waliyekutana alipokuja kuomba kitanda cha mgonjwa. Yeye alikuwa Mkatoliki na Frankl Myahudi, na kila mmoja alibaki na imani yake na kuiheshimu ya mwenzake. Walijaliwa binti mmoja, Gabriele. Frankl alifundisha na kuhutubia katika mabara mengi na kutunukiwa shahada za heshima 29. Alipenda kupanda majabali mpaka uzeeni, na alipokuwa na umri wa miaka 67 alijifunza kurusha ndege. Miaka yake ya mwisho macho yalipofuka, Eleonore akawa anamsomea.

Alifariki tarehe 2 Septemba 1997 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 92, akazikwa katika sehemu ya Wayahudi ya Makaburi Makuu ya Vienna. Hadi kifo chake aliishi katika nyumba ile ile ya mtaa wa Mariannengasse, aliyotafutiwa na rafiki yake mwaka wa 1945. Tangu mwaka wa 2015 mna jumba la makumbusho katika jengo hilo.